Marehemu Polycarp Macha: Chuma cha Bahari Juu ya Duka la Nondo

Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zetu Waislamu mlioacha maduka yenu asubuhi hii, asalaam aleikum. Mimi ni Candida Severin Macha, mdogo wake marehemu kwa miaka sita, na ndimi mwenye duka la vyuma mlilolipita mkiingia hapa uani. Nimepewa kusoma historia ya kaka yangu kabla mwili haujaondoka kwenda Mamba, na naomba tuelewane mapema, historia hii sikuiandika mimi. Ameiandika mwenyewe, kwa penseli, karatasi saba, na tarehe zote kaziweka yeye, maana hakuwa mtu wa kumwachia mwingine tarehe. Mahali pamoja tu ameacha pengo, akaandika pembeni, "Candida ajaze." Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, aliniambia jana kwamba pengo hilo nilipite, kwa kuwa msibani watu husema mema na mengine huyafunika. Nimemsikia, na heshima yake iko palepale, lakini nitalijaza. Tukifika hapo mtajua, kwa sasa naanza alipoanza yeye.

Marehemu Polycarp Severin Macha alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 26 Januari 1968, kijijini Mamba, Marangu, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa marehemu Mzee Severin Macha na marehemu Mama Agripina, ambapo wa pili alifariki angali mchanga, na wa tatu ndiye anayewasomea. Jina la Polycarp alipewa kwa sababu kalenda ya kanisa ya wakati ule ilimweka mtakatifu huyo siku hiyo, na katekista hakutaka mjadala. Ukoo wetu ni wa wahunzi, babu yetu alifua majembe na mikuki, baba akashuka Dar es Salaam mwaka 1976 ili auze chuma badala ya kukifua, na marehemu akaishia kukipima mahali ambapo karibu hakipo. Ameandika hapa kwamba kila kizazi chetu kilipata chuma kidogo kuliko kilichotangulia, akapigia mstari, nadhani alitaka mcheke.

Elimu ya msingi aliianza Mamba mwaka 1975, akahamia Dar es Salaam mwaka 1979 mama na sisi tulipomfuata baba, akamalizia darasa la saba hapa Kariakoo mwaka 1981. Sekondari alisoma kuanzia 1982 hadi 1985, kidato cha tano na cha sita 1986 hadi 1988, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka mmoja, ambako anasema alijifunza kufua nguo na kutojibu, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1989 kusomea kemia, akahitimu mwaka 1993. Shahada ya pili aliipata mwaka 1998, na katika masomo hayo alipanda kwa mara ya kwanza meli ya utafiti iliyokwenda bahari kuu, akakaa nayo miezi saba. Alirudi amekonda, hana mkanda wala saa, na suruali kaifunga kwa kamba ya nailoni, mama akalia akidhani ameibiwa.

Kazini aliingia tarehe 1 Septemba 1994, katika taasisi ya utafiti wa bahari, akianza kama msaidizi wa maabara na kupanda hadi kuwa mtafiti mwandamizi, cheo alichokipata mwaka 2019, akiwa na umri ambao wenzake wengi walikuwa wameshakaa na cheo hicho miaka kumi. Kwa wale ambao hawakuwahi kumsikia akieleza kazi yake, na mtakuwa wachache, maana alieleza hata kwenye foleni ya kinyozi, kazi yenyewe ilikuwa hii. Maji ya bahari ya mbali, kule ambako nchi kavu haionekani upande wowote, yana chuma kidogo mno. Mfano ni wake, chukua kiwanja cha mpira pale Jangwani, kijaze maji hadi mita tano, kazi ambayo Jangwani haihitaji kusaidiwa sana, kisha yeyusha humo msumari mmoja mdogo wa gramu moja, hicho ndicho kiasi. Na bado ile mimea midogo ya baharini isiyoonekana kwa macho haiwezi kukua bila hicho kidogo, na mimea hiyo ndiyo inayomlisha samaki mdogo, na mdogo anamlisha jodari, mpaka mnada wa Feri kule Kivukoni.

Kidogo hicho nacho hakikai kilivyo. Kinapanda upepo unapoleta vumbi la jangwani, kinashuka mimea inapokila au kinapozama, wakati wa kaskazi si kama wakati wa kusi, na mwaka huu si kama mwaka jana. Wenzake wanaochimba matope ya sakafu ya bahari husema kwamba katika enzi zile za barafu, dunia ilipokuwa kavu na yenye vumbi jingi, chuma kiliingia baharini kwa wingi kuliko leo, lakini hayo ya maelfu ya miaka aliwaachia wenyewe. Yeye alitaka kujua kinavyobadilika katika maisha ya mtu mmoja, na hilo hulijui kwa kwenda mara moja, ni lazima uende, urudi, uende tena mahali palepale, mwaka hata mwaka, na usiruke. Bahari ya mwaka 2004 haipimiki tena leo, alisema hivyo mara nyingi hadi watoto wake wakawa wanammalizia sentensi.

Tarehe 17 Februari 2003 alianza safari ya kwanza kati ya safari kumi na moja, mbili kila mwaka, moja ya kaskazi na moja ya kusi, akidandia meli za utafiti zilizokuwa zikipita, hadi mahali pamoja pa bahari kuu, mbali sana mashariki ya Mafia. Kwa kuwa meli yenyewe ni chuma, na waya wake chuma, na kutu yake hudondoka usiku na mchana, alishushwa katika boti ya plastiki, akapiga makasia nusu saa kuufuata upepo unakotoka, ndipo akachota. Alivua saa, mkanda, na pete ya ndoa. Chupa zake alizilowesha asidi kwa wiki kadhaa katika bafu la hapa nyumbani, majirani wa nyuma wakanong'ona kwamba mwalimu, ndivyo mtaa ulivyomwita, anapika gongo, mjumbe akaja kukagua, akaonyeshwa chupa arobaini zimelala ndani ya beseni, akatoka akisema hajaelewa lakini hajaona kosa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo mtu wa nje hulisikia akadhani ni kichekesho. Kuyapima maji hayo kunahitaji chumba kisicho na vumbi la chuma, kazini kwao wakati ule hakikuwapo, jengo lilikuwa la zamani, na mabati yalikuwa yakidondosha kutu. Marehemu alitaka kupanga chumba Upanga, karibu na bahari. Baba akakataa. Wachaga mliomo humu mnaijua lugha hiyo, kijana kupanga wakati baba ana nyumba ni kumtangazia baba kwamba kuta zake hazitoshi, na baba alisema maneno machache tu, "Mwanangu hapangi nami nina ukuta." Marehemu hakubishana na baba. Akachukua chumba cha ghorofani, hapo juu, dirisha lile lenye pazia la kijani, akakivisha nailoni ukuta hadi dari, akaweka feni yenye kichujio, na hapo ndipo alipoipima bahari isiyo na chuma, juu ya duka linalokata nondo na skwea paipu siku sita kwa wiki.

Tuliwekeana utaratibu. Siku ambazo chupa zake zimefunguliwa, alitandika shuka jeupe kwenye reli ya ngazi. Shuka likiwa kwenye reli, grenda ya kukatia chuma inalala, sakafu inamwagiwa maji, na mteja anayetaka kukatiwa anaambiwa arudi. Wateja walizoea, wengine walidhani ni mambo ya dini. Kwa miaka mitano utaratibu huo haukuvunjwa, na ndani ya miaka hiyo alikusanya tarakimu ambazo, naambiwa, hakuna mwingine aliyekuwa nazo kwa upande huu wa bahari, zikionyesha chuma kikipanda na kushuka kufuata pepo, ila si kwa kiasi kilekile kila mwaka. Alianza kuona sura ya kitu. Ameandika hivyo, "nilianza kuona sura ya kitu."

Safari ya kumi na moja alirudi tarehe 8 Machi 2008. Jumatano ya tarehe 12 aliyaweka maji yapite kwenye kichujio, tone moja moja, kazi ya siku nne, akatandika shuka kwenye reli, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 13 akavuka kwenda Unguja kwenye mkutano, akarejea Jumapili ya Matawi, tarehe 16. Alipopima, chuma kilikuwa kimepanda mara tano. Wenzake walishangilia, barua zikaja kutoka nchi za mbali, ikasemekana bahari yetu inabadilika kuliko ilivyodhaniwa. Marehemu hakushangilia. Katika safari hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa amechukua chupa pacha ya maji yaleyale, akaiweka kwa Bi Fakhriya, jirani yetu wa duka la vitambaa mtaa wa pili, ndani ya kabati la hariri ambalo chuma pekee kinachoingia ni sindano. Aliituma chupa hiyo kwenye maabara ya nje, majibu yakaja tarehe 20 Januari 2009, na maji yalikuwa ya kawaida kabisa. Kwa hiyo bahari haikuwa imebadilika, uchafu uliingia humu ndani.

Aliniita siku hiyohiyo, ngazini. Aliniuliza, "Candida, nilipokuwa Unguja, grenda ilifanya kazi?" Nilimjibu, "Hapana, kaka. Shuka lilikuwa kwenye reli." Alinitazama kidogo, akasema sawa, akapanda juu.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mimi nilichukua miaka kuelewa. Kama angejua uchafu uliingia siku gani na kwa njia gani, angeitupa safari ile moja na kubaki na kumi. Kwa kuwa hakujua, chumba chote kilikuwa na shaka, na kila kitu kilichowahi kupimwa ndani yake kilikuwa na shaka, chupa za safari za nyuma zilikuwa zimekwisha na hazikuwa na pacha. Tarehe 2 Machi 2009 aliandika barua ya kuziondoa tarakimu zote, safari kumi na moja, na mahali pa chanzo aliandika "hakijulikani". Mradi ukafungwa. Wako waliosema mtoto wa muuza nondo alitegemea nini. Hakumtaja mtu, wala hakulitaja duka, na Jumapili iliyofuata alikula nasi chakula cha mchana kama kawaida yake, akasifu mchuzi.

Karatasi ya nne inaishia hapo, na chini yake ndipo lilipo pengo. Nitalirudia.

Tarehe 5 Julai 1997 alifunga ndoa takatifu na mke wake mpendwa Evelyn, mwalimu wa hesabu, ambaye naomba aendelee kukaa, asisimame. Walijaliwa watoto wawili, Severa, aliyezaliwa tarehe 11 Mei 1999, ambaye leo ni mfamasia, na Jovin, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 2003 baba yake akiwa baharini. Kwa miaka ya mwanzo shemeji yangu hakufurahia hata kidogo kuona mume anavua pete kila anaposafiri, na shangazi zetu walimshauri mambo ambayo sitayasema mbele ya Padri, mpaka marehemu akampeleka Kivukoni, akampandisha kwenye ile boti ya plastiki, akamchotesha maji mwenyewe kwa mikono mitupu. Tangu hapo pete aliitunza yeye, kwenye kikombe jikoni, na aliporudi alimvisha upya. Evelyn amehesabu, amemvisha pete mara thelathini na nane.

Mwaka 2011 marehemu alianza upya. Nasema kwa ufupi kwa sababu yeye mwenyewe ameliandika kwa mstari mmoja, "Nilianza tena, namba moja." Kazini wakamjengea chumba kinachofaa, akarudi mahali palepale pa bahari, kaskazi na kusi, pamoja na Dk. Jovitha, ambaye alikuja kwake akiwa mwanafunzi na ambaye leo ameketi mstari wa pili, mwenye faili la buluu mapajani. Hadi mwaka 2023 walikuwa wamekusanya miaka kumi na mitatu. Ni mingi, lakini Dk. Jovitha amenieleza kwamba bahari hubadilika polepole, miaka kumi na mitatu ni fupi, na ile mitano ya mwanzo ingekuwa inaonyesha ilikotoka. Faili la buluu ndilo lenye tarakimu za mitano hiyo. Marehemu aliziondoa, lakini hakuzichana.

Kuugua kulianza mwezi Agosti 2023, miguu ikivimba, akachoka kupanda ngazi, na tarehe 4 Oktoba madaktari wakathibitisha kwamba figo zake zimeshindwa kazi. Alianza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Figo zilipolegea damu nayo ikapungua, wakampa dawa, na baadaye wakamtundikia dripu ya madini ya chuma, yeye akaomba kusoma maandishi ya chupa, akacheka hadi nesi akaitwa. Alimwambia nesi, "Dada, hii mngeimwaga Mafia, jodari wangenenepa." Nesi akamwambia, "Baba, tulia, sindano itachomoka." Hayo ameyaandika mwenyewe, kwenye karatasi ya sita, mwandiko ukiwa umeanza kulegea.

Jumapili, tarehe 27 Aprili 2025, nilipokwenda kumwona baada ya misa, alinipa karatasi hizi ndani ya bahasha. Alisema, "Utasoma wewe. Kuna pengo moja, ujaze mwenyewe, usimpe mtu." Niliuliza pengo gani, akasema nitaliona. Nililiona jioni ile. Nilirudi hospitali tarehe 29 nikiwa na maneno yangu, nikamkuta na wageni, nikaongea habari za mvua. Nikarudi tarehe 3 Mei, tukaongea habari za mabati. Nikarudi tarehe 8, akiwa peke yake, ananitazama, na mimi mwanamke wa miaka hamsini na moja, ninayegombana na madereva wa malori mchana kutwa, nikatafuta kisu cha matunda. Nikamenya chungwa. Alilila lote. Tarehe 12 nilipofika nimejipanga kabisa, alikuwa hasikii tena. Sina cha kujitetea hapo, nilikuwa mwoga, na woga huo utaniuma siku zote.

Marehemu alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 15 Mei 2025, saa kumi na nusu alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, miezi mitatu na siku kumi na tisa. Ameacha mjane, watoto wawili, dada mmoja, na chupa mia mbili na sita zilizooshwa vizuri.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia alipowauliza chanzo cha kila tarakimu waliyomwandikia. Namshukuru Baba Padri na jumuiya ndogondogo, taasisi aliyofanyia kazi kwa miaka thelathini, mabaharia walioagiza salamu, na wafanyabiashara wa Gerezani na Kariakoo mliofunga maduka Jumatatu, jambo ambalo kwa Kariakoo si dogo. Namshukuru Bi Fakhriya, aliyeleta leo shuka jeupe la kufunika jeneza na kukataa kuulizwa, na ambaye juzi alinishika mkono akaniambia, "Maji ya mwalimu yalikaa kabatini kwangu miezi na miezi, Candida, na hayakuniambia uongo. Wewe je?" Ahsante, Bi Fakhriya. Usingizi ulikuwa umeshanikimbia, lakini swali lako lilisaidia.

Wa mwisho kumshukuru ni Bwana Abbasi, fundi wetu wa kukata tangu enzi za baba, ambaye amesimama pale mlangoni kwa sababu anasema viti ni vya wageni. Abbasi huandika kila anachokata, kipande, urefu, tarehe na saa, kwenye daftari lake, hajaruka siku. Machi mwaka 2008 baba alikuwa amelazwa, duka lilikuwa mikononi mwangu kwa mara ya kwanza, na mteja alitaka mageti manne kabla ya Pasaka. Shuka lilikuwa kwenye reli. Abbasi aliniambia, "Da Candida, shuka lipo." Nikamwambia, "Kata tu, yupo Unguja." Akakata, kwa amri yangu. Jioni nilipiga deki mwenyewe, nikalinyoosha shuka. Kaka aliponiuliza, baba alikuwa ameshafariki, miezi miwili tu, ukoo ulikuwa bado unapima kama mwanamke anaweza kuachiwa duka, na mimi nikachagua duka. Sikujua kwamba neno moja la "hapana" lingekula miaka mitano ya bahari. Baadaye nilijua, na bado nikanyamaza, na hilo ndilo kosa lenyewe.

Dk. Jovitha ameniambia kwamba neno la mtu msibani halirudishi tarakimu. Ni kweli. Kwa hiyo leo nampa na daftari la Abbasi, ambalo amekubali litoke dukani, alilinganishe na daftari la marehemu la siku za shuka. Mimi na Abbasi tumeyapitia yote mawili juzi, ukurasa kwa ukurasa. Katika safari kumi za kwanza hakuna siku hata moja ambayo shuka lilikuwa kwenye reli na chuma kikakatwa. Kama watazikubali au hawatazikubali ni kazi yao, lakini wasikose cha kupimia.

Sasa narudi karatasi ya nne. Kaka yangu ameandika sentensi, akaacha nafasi tatu, na nimezijaza leo asubuhi, kwa wino. Dk. Jovitha, nakuomba uandike. Inasomeka hivi: Uchafu wa safari ya kumi na moja uliingia siku ya Alhamisi, tarehe 13 Machi 2008, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, na siku ya Jumamosi, tarehe 15 Machi 2008, kuanzia saa tatu hadi saa saba mchana, na ulitokana na chuma kilichokatwa chini ya chumba, kwa amri ya mdogo wangu Candida.

Maneno "mdogo wangu" sikuyaongeza mimi. Yalikuwapo tayari, kwa penseli, na nafasi aliyoiacha kwa ajili ya jina ilikuwa ya herufi saba.

Kaka, uliniuliza swali moja tu. Jibu ni ndiyo. Grenda imezimwa leo, shuka liko kwenye reli, pumzika kwa amani.